Rehema ya Tito na Simba wa Kimana: Pengo katika Tamthilia ya Kiswahili

Msomaji wa tamthilia ya Kiswahili hana uhaba wa madhalimu. Mtemi Bokono wa Butangi katika Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia (2001), Meya Sosi wa Cheneo katika Mstahiki Meya ya Timothy Arege (2009), na Majoka wa Sagamoyo katika Kigogo ya Pauline Kea (2016) ni kama ndugu wa baba mmoja. Wana walinzi, wana vibaraka, na wana masikio yaliyozibwa na sifa. Vizazi kadha vya wanafunzi wa shule za upili nchini Kenya vimewachambua kwa ajili ya mtihani, vikaorodhesha maovu yao na kutaja mafunzo yanayopatikana. Kazi hizo zilihitajika na bado zinahitajika, kwa sababu methali isemayo kwamba mwenye nguvu mpishe imetumiwa kwa muda mrefu kuwanyamazisha wanyonge.

Hata hivyo, wingi huo wa madhalimu umeficha pengo. Mhusika aliye na uwezo wa kuua, aliye na sababu ya kuua, tena aliye na sheria inayomruhusu kuua, kisha akasita, ni nadra kuonekana kwenye jukwaa la Kiswahili. Hadhira imefundishwa kumchukia mtawala mbaya. Haijafundishwa kumtazama mtu anayepima hukumu moyoni mwake wakati pande zote mbili za mizani ni nzito. Makala haya yanadai kwamba pengo hilo ni la fani kabla ya kuwa la maudhui, na kwamba linaweza kuzibwa na tamthilia ya kuimbwa. Ushahidi wake unatolewa mahali pawili ambapo hapatajwi pamoja kwa kawaida: jumba la maonyesho la mji wa Prague mnamo mwaka 1791, na nyika za Kimana katika Kaunti ya Kajiado, ambako suala la kuua au kusamehe huzuka kila simba anaporuka ua wa zizi.

Karatasi mkononi mwa Tito

Tarehe 6 Septemba 1791, Wolfgang Amadeus Mozart alionyesha mjini Prague opera yake La clemenza di Tito, yaani Rehema ya Tito. Ilikuwa imeagizwa kwa ajili ya sherehe za kumtawaza Kaizari Leopold II kuwa mfalme wa Bohemia. Opera za aina hiyo, zilizoandikwa kwa Kiitaliano, ziliitwa opera za dhati ili zitofautishwe na zile za kuchekesha. Wahusika wake walikuwa wafalme, majemadari na mashujaa wa kale, na suala lake kuu lilikuwa mgongano wa wajibu na mapenzi. Mozart alifariki tarehe 5 Desemba mwaka huohuo. Katika miongo iliyofuata, opera hiyo ilikuwa miongoni mwa kazi zake zilizopendwa zaidi barani Ulaya, na mwaka 1806 ikawa opera yake ya kwanza kuonyeshwa London. Baadaye ilidharauliwa kwa muda mrefu, ikaitwa baridi na ya kizamani, mpaka ikafufuliwa katika nusu ya pili ya karne ya 20.

Kisa chenyewe si kigumu. Tito ni kaizari wa Roma. Vitellia, binti wa kaizari aliyepinduliwa, anamchukia kwa sababu anaona kiti kile ni haki yake. Anamtumia Sesto, kijana anayempenda Vitellia kupita kiasi, ambaye wakati huohuo ni rafiki wa chanda na pete wa Tito. Sesto anakubali kumuua rafiki yake na kuliteketeza jumba la Kapitolio. Mara tu anapoondoka kwenda kutenda uovu huo, Vitellia anapashwa habari kwamba Tito ameamua kumwoa yeye. Moto umekwisha kuwashwa na neno haliwezi kurudishwa. Kumbe aliyechomwa upanga gizani si Tito bali ni mtu mwingine aliyevaa joho la kifalme. Sesto anakamatwa, baraza linamhukumu kifo, na hukumu inaletwa kwa Tito ili aitie sahihi. Kikulacho ki nguoni mwako, husema Waswahili. Tito anaujua ukweli huo akiwa na kalamu mkononi.

Hapo ndipo penye kiini cha kazi nzima. Tito anamwita Sesto, wanaongea faraghani, na anamsihi aseme sababu. Sesto anakataa kusema kwa kuwa kusema ni kumsaliti Vitellia. Tito anabaki peke yake na ile karatasi. Anatia sahihi, kisha anaichana. Baadaye Vitellia mwenyewe anajitokeza na kuungama mbele ya umma. Tito, ambaye alidhani amekwisha kumaliza kazi ngumu ya kusamehe, anakuta kwamba kuna mwingine wa kusamehewa.

Matini ya opera hiyo haikuandikwa kwa ajili ya Mozart. Iliandikwa na mshairi Pietro Metastasio mwaka 1734 na kutiwa muziki kwanza na Antonio Caldara mjini Vienna. Baada ya hapo watunzi wa muziki wapatao 40 waliitumia, mmoja wao akiwa Gluck mnamo 1752. Kwa ajili ya Mozart, mshairi Caterino Mazzolà aliipunguza na kuipanga upya. Mwanafunzi wa fasihi anapaswa kulitazama jambo hili kwa makini. Katika opera ya dhati, mshairi ndiye aliyekuwa chanzo. Maneno yalitangulia, muziki ukafuata, na shairi moja liliweza kuwalisha watunzi wa vizazi viwili au zaidi.

Fani inayompa mkosaji nafasi ya kusikika

Metastasio aligawa maneno yake katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni maongezi ya kuimbwa, yenye mishororo huru ya mizani 7 na mizani 11, isiyolazimika kuwa na vina. Humo ndimo wahusika wanamozungumza, wanamogombana na kupashana habari. Sehemu ya pili ni aria, yaani wimbo wa mtu mmoja, wenye beti fupi na vina. Aria inapoanza, matukio husimama na moyo hupewa nafasi ya kunena. Katika kazi ya Mozart, Sesto anapoaga kwenda kuua, klarineti inamjibu kama mtu wa pili, ikipanda anapopanda na kushuka anaposhuka. Hadhira inajua kwamba anaenda kutenda jinai, na bado inalazimika kukaa naye, kumsikiliza na kuona jinsi mapenzi yalivyomfunga. Vitellia naye, mchochezi wa yote, anapewa mojawapo ya nyimbo ndefu na nzito kuliko zote kabla hajaungama.

Tofauti na tamthilia nyingi za Kiswahili iko hapo. Katika tamthilia za kusemwa zinazofundishwa, mazungumzo ni silaha. Kila mhusika huongea ili amshinde mwenzake, na mkosaji hupewa maneno ya kutosha tu kumwezesha msomaji kumhukumu. Majoka anapotapatapa, mwanafunzi hupata hoja ya kuandika chini ya kichwa cha sifa za mhusika. Katika opera ya dhati, mkosaji huimba, na ni vigumu kumhukumu mtu kwa haraka wakati anaimba. Rehema ya Tito haitokani na mawaidha yanayotolewa mwishoni. Inaandaliwa na fani, kwa kuwa kabla Tito hajasamehe, hadhira yenyewe imekwisha kufundishwa subira.

Je, Kiswahili kina zana za kufanya hivyo? Kinazo, tena tangu zamani. Utenzi wenye vipande vya mizani 8 ulighanwa kwa sauti, haukuwekwa kabatini. Shairi la tarbia lenye mizani 16 kila mshororo, likiwa na kituo katikati, ni chombo kinachofaa kabisa kwa aria: lina pumzi, lina vina, na lina kiitikio au kimalizio kinachorudi. Wimbo wa mishororo mitatu yenye mizani 12 ndio uliolea taarabu. Siti binti Saad, aliyerekodi nyimbo zake Bombay mnamo 1928, aliimba pia kuhusu haki na mahakama. Wimbo wake juu ya Kijiti ulisimulia mauaji ambayo mtuhumiwa wake alikimbia huku mashahidi wakiadhibiwa. Wimbo huo ulikuwa hukumu ya umma dhidi ya hukumu ya hakimu.

Kwa upande wa maongezi ya kuimbwa, njia ilikwisha kufyekwa na Julius Nyerere. Tafsiri zake za Shakespeare, Juliasi Kaizari ya 1963 iliyosahihishwa 1969, na Mabepari wa Venisi ya 1969, zilithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mjadala mrefu wa jukwaani kwa mishororo iliyopimwa bila kutegemea vina. Si jambo dogo kwamba rais aliyekuwa madarakani aliitafsiri kazi ambamo Portia anamsihi mdai awe na rehema kabla ya kutumia kisu chake, na nyingine ambamo Kaizari anakataa kumsamehe ndugu wa mwombaji dakika chache kabla ya kuuawa. Rehema ya mtawala wa Roma basi si mada ngeni kwa Kiswahili. Mishororo ya Nyerere ndiyo maongezi, beti za tarbia ndizo aria. Kilichokosekana ni mtu wa kuvishona vitambaa hivyo viwili.

Kimana: mahali penye kisa

Kimana ni mji mdogo wa soko kwenye barabara itokayo Emali kwenda Loitokitok. Chemchemi zake hulishwa na maji ya mlima Kilimanjaro, na kwa ajili ya maji hayo mashamba ya nyanya na vitunguu yameenea pembezoni mwa kinamasi. Ardhi iliyokuwa ranchi ya jumuiya imegawanywa, na ua wa mwenye shamba umekutana na njia ya ndovu. Mwaka 1996 jamii ya hapo ilifungua hifadhi yake ya wanyamapori, ambayo imekuwa kiungo katika ushoroba unaounganisha Amboseli na nyanda za Chyulu na Tsavo Magharibi. Kwa hivyo mfugaji, mkulima, mwenye hoteli, ndovu na simba wote wanadai haki ya kupita mahali palepale.

Kwa morani wa Kimaasai wa zamani, kumuua simba kulikuwa tendo lenye wimbo. Aliyemchoma mkuki wa kwanza alipewa jina, na jina hilo liliimbwa. Kiongozi wa wimbo, olaranyani, hutoa kauli, na kundi la wenzake humwitikia kwa sauti nzito za kooni zinazokwenda na pumzi na kuruka. Kwa istilahi za fasihi simulizi huo ni wimbo wa kuongoza na kuitikia. Kwa istilahi za jukwaa ni mwimbaji pekee mbele ya kiitikio, jambo lilelile ambalo Mozart alilihitaji alipouweka umati wa Warumi nyuma ya Tito.

Lakini idadi ya simba ilipungua, na jamii ikakabiliwa na swali jipya. Mnamo 2003 mfuko wa kuwafidia wenye mifugo ulianzishwa katika ranchi ya jirani ya Mbirikani, kwa sharti kwamba simba wasiuawe. Mwaka 2007 ulianza mpango wa Lion Guardians, ambao uliwaajiri morani wawe walinzi wa simba, baadhi yao wakiwa watu waliokuwa wamewahi kuua simba kwa mikono yao. Na Desemba 2012 yalifanyika Kimana kwa mara ya kwanza mashindano yaliyoitwa Olimpiki ya Kimaasai, ambapo vijana hushindania nishani kwa kukimbia, kurusha rungu na mkuki, na kuruka juu mpaka kichwa kiguse kamba iliyotundikwa. Mwanariadha David Rudisha aliyalea mashindano hayo. Mruko wa ngoma ukawa mruko wa kupimwa, na sifa iliyotafutwa kwa damu ikatafutwa kwa nishani.

Muuaji aliyegeuzwa kuwa mlinzi ni Sesto aliyesamehewa. Dhamira hiyo haikuagizwa kutoka Prague. Imo ndani ya maisha ya watu wa eneo hilo, na inangoja mshairi.

Haimaanishi kwamba kisa kimefikia mwisho mwema. Mei 2023, simba dume aliyeitwa Loonkito, mwenye umri wa miaka 19 na mmoja wa simba wakongwe waliojulikana porini, aliuawa kwa mikuki baada ya kuingia katika zizi karibu na Hifadhi ya Taifa ya Amboseli. Katika muda wa wiki moja hivi, simba 10 waliuawa katika eneo hilo. Sita kati yao waliuawa Mbirikani baada ya kuua mbuzi 11. Vyombo vya habari vya ulimwengu viliomboleza simba. Wachache waliuliza habari za aliyeamka alfajiri akakuta mbuzi wake wamelala chini.

Rehema ya nani?

Kimana inamsahihisha Mozart hapo. Katika opera ya Prague, rehema inashuka kutoka kitini. Anayesamehe ana jeshi, ana hazina, na hata dhahabu aliyoletewa ili ajengewe hekalu anaweza kuamuru wapewe waathiriwa wa volkano ya Vesuvius. Msamaha wake ni mzito kwa moyo wake lakini haumpunguzii chakula. Kimana, anayeombwa asamehe ni mfugaji aliyepoteza mbuzi wake. Simba ni mali ya taifa na kivutio cha wageni. Fedha za wageni hao hupitia mikono mingi kabla ya kufika zizini. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaahidi fidia, ikiwa ni pamoja na shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama, lakini malalamiko kuhusu kuchelewa kwa malipo yamekuwa mengi. Kwa hiyo aliyeshika karatasi ya hukumu si kaizari. Ni maskini aliyeshika mkuki, na ulimwengu mzima unamwambia awe na rehema.

Tamthilia ya kuimbwa ya Kimana ingeweza kulipa suala hilo uzito unaostahili. Ichukuliwe kwamba kuna wahusika watatu tu: mzee aliyepoteza mifugo, mwanawe anayetamani jina la simba kama la babu yake, na mlinzi ambaye zamani alikuwa muuaji. Kila mmoja akipewa beti zake za kuimba, hadhira haiwezi tena kugawanywa katika kambi mbili, ya washenzi wanaoua wanyama na ya wastaarabu wanaowapenda. Mzee ataimba hasara yake, na wimbo huo utakuwa wa haki. Kijana ataimba jina alilonyimwa, na huo nao utakuwa wa haki. Mlinzi ataimba usiku wa simba aliyemuua. Uamuzi utakaofuata, uwe wa kuua au wa kuacha, utakuwa umelipiwa.

Nchi yenyewe inahitaji mazoezi ya aina hiyo ya kusikiliza. Kifungu cha 133 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa rais uwezo wa kusamehe. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki alibadilisha adhabu za kifo za wafungwa zaidi ya 4,000 kuwa vifungo vya maisha, na mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya vivyo hivyo kwa wafungwa 2,747. Maelfu ya maisha yalivuka mpaka wa kifo kwa sahihi mbili. Tamthilia ya Kiswahili, ambayo imeeleza kwa ufundi mkubwa jinsi mtawala anavyoua, haijatilia maanani vya kutosha usiku wa kabla ya sahihi kama hiyo.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni kwamba opera ni sanaa ya wageni na ya matajiri. Ni kweli kwamba majumba yake ni ghali na mavazi yake ni ya kifahari. Lakini tamthilia iliyoandikwa, riwaya na hadithi fupi nazo ziliingia Kiswahili kutoka nje, na leo hakuna anayeomba radhi kwa kuziandika. Nairobi kwenyewe, kikundi cha Baraka Opera kikiongozwa na mwimbaji Rhoda Ondeng' Wilhelmsen kimekwisha kuonyesha opera ya Kikenya iitwayo Nyanga. Kinachopendekezwa hapa, zaidi ya hayo, si jumba wala joho. Ni mpangilio wa maneno: maongezi yaliyopimwa, kisha wimbo, kisha kiitikio. Uwanja wa vumbi na watu thelathini vinatosha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Opera ya dhati iliandikwa ili imsifu mfalme aliyeketi mbele yake. Tito wa historia ndiye aliyeliteka na kuliharibu jiji la Yerusalemu mwaka 70, na kumwita mrehemevu ni kuifumbia macho nusu ya habari zake. Je, Kiswahili kinahitaji kasida nyingine za watawala? Jibu ni kwamba sifa pia inaweza kuwa deni. Leopold II, alipokuwa mtawala wa Toscana, aliifuta adhabu ya kifo katika nchi hiyo mnamo Novemba 1786. Aliyemwimbia habari za karatasi iliyochanwa alikuwa akimkumbusha ahadi mbele ya mashahidi, wakati ambapo Ufaransa ya jirani ilikuwa katika mapinduzi. Afrika Mashariki nayo inajua kwamba tamthilia ya nyimbo si kipenzi cha watawala siku zote. Byron Kawadwa wa Uganda, mwandishi wa tamthilia ya nyimbo ya Kiganda Oluyimba lwa Wankoko, aliuawa na vyombo vya utawala wa Idi Amin mwaka 1977, baada ya kazi hiyo kuonyeshwa katika tamasha la Lagos. Mwaka 1982 Maitu Njugira ya Ngugi wa Thiong'o ilifungiwa milango ya jumba la maonyesho la taifa mjini Nairobi, na maelfu ya watu wakafuata mazoezi yake katika Chuo Kikuu. Watawala hao hawakuwa na rehema kwa wimbo kwa sababu waliuelewa.

Pingamizi la tatu linatoka Kimana kwenyewe, nalo halina budi kuheshimiwa. Nyimbo za Kimaasai zimekwisha kugeuzwa bidhaa ya kuwapokea wageni kambini. Zinaimbwa kwa dakika chache kando ya moto, picha zinapigwa, maana inabaki na mwimbaji. Je, Kiswahili kikija na opera yake hakitakuwa mnunuzi mwingine, tena kikiimeza lugha ya Maa? Hatari hiyo ipo. Inaepukika ikiwa kiitikio kitabaki katika Maa bila kutafsiriwa, jinsi olaranyani anavyokijua, na Kiswahili kikachukua nafasi yake halisi katika mji wa soko kama Kimana: lugha ambayo Mmaasai, Mkamba, Mkikuyu na Mtanzania aliyevuka mpaka hukutana nayo wanapouziana. Hapana budi pia waimbaji watajwe kwa majina, walipwe, na wawe na sauti katika kukubali au kukataa kinachosemwa juu yao.

La kufanywa

Idara za Kiswahili hufundisha ushairi katika kozi moja na tamthilia katika kozi nyingine, na mwanafunzi anaweza kuhitimu bila kuombwa hata mara moja aandike maneno yatakayoimbwa na mtu mwingine jukwaani. Tamasha za muziki za shule na vyuo, zilizoanza nchini Kenya mwaka 1927, nazo zimezoea kuiweka nyimbo ya kienyeji katika kitengo chake na tamthilia katika tamasha lake. Matokeo yake ni kwamba mshairi hajui pumzi ya mwimbaji, mtunzi wa tamthilia hajui kusimamisha matukio, na mwimbaji hapewi jambo zito la kusema.

Mwanzo unaweza kuwa mdogo. Onyesho moja, wahusika watatu, kiitikio kimoja, na mizani inayojulikana. Wanafunzi wanaotoka Loitokitok, Kimana na Mbirikani wamo vyuoni, na baadhi yao ni watoto wa olaranyani. Chama cha Kiswahili kinachoweza kuandaa mijadala na mashindano ya kughani kinaweza pia kumwomba mmoja wao akae na mshairi na mhadhiri wa muziki kwa muhula mmoja. Kazi itakayotokea haitalingana na ya Mozart, wala hailazimiki. Ikishaiva, ipelekwe Kimana siku ya soko kabla ya kupelekwa Nairobi, kwa sababu ndiko waliko watu walioshika ile karatasi mkononi. Wao ndio watakaoamua kama mzee wa kwenye wimbo amesamehe kwa haki, au amesamehe kwa sababu mtunzi hakuwahi kupoteza mbuzi.